Mshenga wa Gwynedd

Shemeji yangu hapokei posa kwa simu. Alinitangazia hivyo jioni ile mwanangu alipopiga kutoka Wales kutuambia kwamba amepata mchumba, na alinitangazia akiwa amesimama katikati ya sebule yangu hapa Jeppestown, viatu vya saiti miguuni, vumbi la saruji likidondoka kwenye zulia. Nilimwambia avue viatu kwanza ndipo akatae. Akavua, akakataa.

Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, fundi mwashi, mtu wa Lushoto aliyeishi Johannesburg miaka mingi bila kukubali kwamba anaishi hapa. Ukimuuliza atakwambia yuko safarini. Kwetu, baba wa binti akiondoka duniani, baba mkubwa ndiye baba, na neno lake ndilo linalofungua ndoa au kuifunga. Mwanangu analijua hilo. Amezaliwa hapa, amesomea uuguzi hapa, na sasa anafanya kazi hospitalini Bangor, kaskazini mwa Wales, katika kaunti inayoitwa Gwynedd, lakini hakutaka kuolewa kama mtoto asiye na kwao. Aliniambia waziwazi: "Mama, nataka baba mkubwa aseme ndiyo. Akisema hapana, tutaandikisha ndoa ofisini na mashahidi wawili, na sitawasumbua tena."

Hilo la kutotusumbua tena ndilo lililonikosesha raha. Ninamjua. Ana kichwa kigumu cha baba yake, na nikisema ukweli, na changu pia. Kwa hiyo nilichohitaji kilikuwa kidogo tu: ndiyo moja, kutoka kinywani mwa mtu ambaye hata ukimuuliza kama atakunywa chai anakujibu kwa swali.

Masharti ya shemeji yalikuwa haya. Posa huletwa na mshenga. Mshenga hubisha hodi, hukaribishwa, hukaa kiti cha chini kuliko vingine, na hapewi hata maji mpaka aeleze kilichomleta na ajibu anayoulizwa kuhusu watu waliomtuma. Kijana alituma ujumbe kwamba yuko tayari kupanda ndege aje mwenyewe. Shemeji alicheka kwa uchungu. Alisema bwana harusi kujiposea ni utovu wa adabu, na kama huko kwao hawajui, basi ndiyo maana anataka kuwachunguza.

Tatizo likawa kumpata Mwelshi wa kutumwa. Mji huu una watu wa kila aina, lakini mimi ninashona mapazia, sijawahi kuombwa pazia na Mwelshi. Nililieleza jambo hili kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Lubumbashi anayesuka nywele kwenye saluni ya pembeni mwa jengo letu. Alinisikiliza huku akivuta kichwa cha mteja, kisha akasema, "Mie nitakuwa mutu ya kule."

"Wewe?"

"Banakatazaka? Muzee alisema mshenga. Hakusema mshenga mweupe."

Kweli hakusema. Nilipompelekea shemeji habari, alifikiri kwa muda mrefu, akatafuta kosa, akalikosa. Kule kwetu mshenga anaweza kuwa mtu yeyote anayeaminiwa na waliomtuma. Akakubali, kwa sharti kwamba ajue anachokisema.

Jirani yangu alichukua jukumu lake kwa moyo wote, na hapo ndipo tulipoanza kuharibikiwa. Kila siku alimpigia mwanangu simu kutoka saluni, sauti ikiwa wazi, vidole vikiendelea kusuka. Mwanangu alimpa habari, mama wa kijana akadakia kutoka jikoni kwake, mwanangu akatafsiri. Wateja walitoka pale na rasta mpya na habari za Porthmadog, mji wa kule Gwynedd. Mwenye duka la spaza la mkabala alinisimamisha siku moja kuniuliza kama ni kweli mvua ya huko huja kwa ubavu. Nilimwonya jirani kwamba mshenga anatakiwa kujua ukoo, tabia, maradhi, dini, basi. Akaniambia nisimfundishe kazi.

Posa ililetwa Jumapili baada ya ibada. Tunakaa jengo moja, mlango wake uko ngazi mbili chini ya wangu, lakini alishuka mpaka barabarani akapanda tena, ili aonekane ametoka mbali. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chekundu, kwa heshima ya joka jekundu la bendera yao, kama alivyonieleza baadaye. Alibisha hodi. Shemeji, ndani ya koti lake la kanisani, alimwacha abishe tena ndipo akamkaribisha.

"Mmetoka mbali?"

"Mbali sana, muzee. Tumevuka bahari."

"Njia ilikuwaje?"

"Bahari haikutusumbua. Ni lifti ya hapa, eish, ilikufa."

Shemeji alikohoa ili asicheke. Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

"Haya. Nyinyi ni watu gani?"

"Siye tuko batu ya mulima na ya bahari," akasema jirani yangu, na akaweka mkono kifuani. Alieleza kwamba huko mlima unateremka mpaka unakaribia kuingia majini, na katikati, pale palipobaki, pana barabara, reli, nyumba na kondoo. Kijiji cha kijana kiko ukanda huo, kati ya mji wa Abermaw na ngome ya Harlech. Majina aliyatamka kama mtu anayetafuna muhogo wa moto, lakini aliyatamka yote.

Hapa nieleze jambo moja kuhusu shemeji. Sisi pia ni watu wa milima iliyo jirani na bahari. Ukishuka Usambara siku hiyo hiyo unafika Tanga mjini, na yeye anaamini mpangilio huo Mungu aliufanya mara moja tu. Kuambiwa kwamba kuna kwingine kulimkera kama mtu aliyeonyeshwa shati lake mwilini mwa jirani.

"Mlima wenu mkubwa unaitwaje?"

"Yr Wyddfa, muzee. Bangereza banauita Snowdon, lakini siye ya kule hatupendi."

"Nimeuchunguza," alisema shemeji, na kweli alikuwa ameuchunguza kwenye simu, maana macho yalimng'aa. "Unajua kwamba hapa Johannesburg tulipokaa ni juu kuliko kilele chenu? Hii sebule ya shemeji yangu iko juu kuliko mlima wenu mzima."

"Njo maana tulichoka na ngazi."

Aliposhindwa kumnyamazisha kwa urefu wa mlima, shemeji alitaka kuona mwenyewe. Alichukua simu yangu, akafungua ile ramani yenye picha za barabarani, na kwa muda mrefu tukamtazama akitembea Gwynedd kwa kidole. Alipita Blaenau Ffestiniog, mji uliozungukwa na vilima vya vifusi vyeusi, akasimama. "Hizi ni dampo za mgodi," alisema, maana anazo zake za kila siku, za njano, ukielekea kusini mwa mji huu. "Walikuwa wanachimba dhahabu?" Mshenga akamwambia walichimba mawe ya kuezekea. Shemeji akakuza picha ya paa moja, akalitazama jiwe baada ya jiwe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutafuta kosa. Kisha akaona barabara tupu, na ya pili tupu, na ya tatu.

"Watu wako wapi?"

"Ndani. Mvua."

"Wote?"

"Muzee, kule mvua haina mutu mukubwa."

Akauliza kazi ya kijana. Mshenga akasema ni fundi, anajenga kuta za mawe mashambani, zile zinazopanda mlima mpaka juu bila kukatika. Shemeji alifurahi, fundi mwenzake. Akauliza saruji wanatoa wapi. Aliposikia hawatumii saruji, wala udongo, kwamba jiwe hukaa juu ya jiwe kwa kupangwa tu, aliweka simu mezani.

"Fundi asiye na saruji," alisema, "ni mtu anayerundika mawe."

"Ukuta moja ya babu yake ingali imesimama," akajibu mshenga. "Yako ya mwaka jana pale Midrand iko vipi?"

Nilimkonyeza. Ukuta wa Midrand ulikuwa umepata ufa, na si jambo linalotajwa katika familia yetu. Mshenga haruhusiwi kukasirika, lakini anayeletewa posa anaruhusiwa, na nilimwona shemeji akitafuta koti lake kabla ya kukumbuka kwamba amelivaa. Nilimimina chai haraka. Hilo nalo lilikuwa kosa la desturi, maana mshenga hakuwa amefika kwenye maji, sembuse chai, lakini hakuna aliyenisema.

Labda ni ile chai. Jirani yangu alikishika kikombe, akalegea, akasahau kwamba yuko mtihanini. Alianza kusimulia. Alisimulia mlima wa Cader Idris, kiti cha jitu la zamani, na kwamba anayelala juu yake usiku mmoja huamka mshairi au mwendawazimu.

"Kijana amewahi kulala huko?" aliuliza shemeji.

"Amelala."

"Akaamka nani?"

Jirani alifikiri. "Aliamka na mafua."

Alisimulia kwamba mbele ya kijiji chao, pale ilipo bahari sasa, palikuwa na nchi nzuri yenye mashamba, bahari ikaimeza yote kwa sababu mlinzi wa malango ya maji alikuwa amelewa. Shemeji akauliza kama mlinzi huyo ni wa ukoo wa kijana, maana ulevi hurithiwa. Mshenga akasema hapana, kama angekuwa wa ukoo wao, wote wangekuwa wamekufa maji na leo hakuna ambaye angeposa. Alisimulia kwamba ngome ya Harlech ilijengwa juu ya mwamba, bahari ikigonga chini yake, na sasa bahari imerudi nyuma, imeacha mchanga na nyasi. Shemeji akasema bahari yao haijui inachotaka, huku inameza, kule inakimbia, na akauliza kama watu wake nao ndivyo walivyo.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nakumbuka nilifikiri, tumeshinda, mtu anayetania hivi hawezi kusema hapana. Ndipo jirani yangu, kwa kuona amependwa, akaenda Beddgelert.

Ni kijiji kilicho chini ya milima, alisema, panapokutana mito miwili. Zamani mtawala mmoja alirudi kutoka mawindoni akakuta kitanda cha mwanawe kimepinduliwa na mbwa wake ana damu mdomoni. Akamuua mbwa. Kisha akasikia mtoto akilia, akamkuta mzima, na pembeni yake mbwa mwitu mkubwa amekufa. Jirani yangu alisimulia haya kwa mikono yote miwili, na alipofika kwenye kilio cha mtoto alijifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Akamzika na heshima yote," alimalizia. "Mbwa iko na kaburi, muzee. Na jiwe, na maandishi, na uzio. Batu banatoka mbali kuliangalia."

Shemeji hakutania. Alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani, mara moja, mara ya pili.

"Mbwa wao ana kaburi," alisema. "Mtoto wetu atazikwa wapi?"

Teksi zilisikika chini zikipiga honi. Mimi nilijua swali hilo limetoka wapi, na nililiogopa. Mume wangu alikufa hapa na akazikwa hapa. Tulitaka kumrudisha Lushoto, ikashindikana, na kaka yake ndiye aliyemteremsha kaburini katika makaburi ambayo kulia na kushoto hapakuwa na jina hata moja tulilolijua. Ile Jumapili ya kwanza baada ya msiba alikwenda na mwiko na saruji akamjengea mdogo wake ukingo, na tangu hapo huenda kung'oa magugu bila kuniaga. Siku moja tu ndiyo aliyowahi kulisema. Alisema, "Nimemlaza mtoto wa mama yangu katikati ya wageni." Nilimpenda sana siku hiyo. Nampenda hata sasa, na viatu vyake.

"Simuombei kifo," aliendelea, akimtazama mshenga. "Lakini unaponiomba mtu, unaniomba mzima na maiti. Hao waliokutuma wana makaburi yao? Wanajua walipolala wazee wao? Au ni watu wa kupita kama mimi?"

Jirani yangu aliyejua maziwa na vilele na mito aliweka kikombe chake mezani. Yeye pia ana watu wake waliolala Lubumbashi, na mtoto mmoja aliyelala hapa.

"Ile sikuuliza, muzee," alisema taratibu.

Kwa desturi, mshenga akikosa jibu hurudi kwao kuuliza, na posa husimama mpaka siku nyingine. Na kwa shemeji yangu siku nyingine inaweza kuwa baada ya mvua mbili. Akilini nilimwona mwanangu mbele ya karani na mashahidi wake wawili. Nilimwona akitimiza neno lake la kutotusumbua. Nikachukua simu.

"Nilisema si kwa simu," alisema shemeji.

"Sichukui posa kwa simu. Mshenga anarudi kwao kuuliza. Anarudi sasa hivi."

Alinitazama. Ninadhani alitafuta kosa, akalikosa tena.

"Arudi upesi," alisema.

Mwanangu aliitika akiwa jikoni kwa mama wa kijana, wote wawili wamekaa wakisubiri, nyuso zao zimekijaza kioo cha simu. Mshenga aliuliza kwa Kiswahili chake, neno kwa neno, bila kupunguza makali: binti akifa kwenu, mtamlaza wapi, na nani yuko hapo. Niliona aibu. Nilifikiri yule mama atatuona watu wa ajabu, kuulizia jeneza kabla ya keki. Mwanangu alisita, akatafsiri. Mama wa kijana hakushangaa. Aliinuka, akavaa koti la mvua, akamwambia mwanangu alete simu.

Hapakuwa mbali. Kanisa la mawe limekaa ukingoni, juu ya reli, na makaburi yanashuka kuelekea baharini, mlima ukiwa mgongoni. Mvua kweli ilikuja kwa ubavu. Mama yule alipita kati ya mawe meusi, yale yale ya kuezekea, akifuta ukungu kwa mkono wa koti, na jina la ukoo likawa lile lile, jiwe baada ya jiwe. Alitutambulisha. Huyu babu wa kijana, ndiye aliyejenga ukuta huu unaouona. Huyu shangazi, alikuwa bahili, sukari alikuwa akiificha chumbani. Huyu aliimba vibaya maisha yake yote na hakukosa ibada hata moja. Huyu ni mume wangu, alisema, akalifuta jiwe mara ya pili. Mwanangu alitafsiri kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, maji yakimtiririka usoni.

Shemeji alikuwa amesimama bila mimi kumwona akiinuka. Kofia yake ilikuwa mkononi. Kila lilipotajwa jina aliitikia kwa kichwa, na lilipofika la yule babu mwenye ukuta alisema "shikamoo, mzee," kwa sauti ndogo, halafu akainama kuchungulia ukuta wenyewe nyuma ya jiwe, jinsi ulivyopangwa.

Mwisho wa mstari palikuwa na nyasi tupu. Mama wa kijana alisimama hapo, akapanua mikono, akasema kwa Kiingereza kwamba hapa ni pao, yeye, na mwanawe, na huyu binti pia, nafasi yake ipo, hatawahi kuwa mgeni. Mwanangu alianza kutafsiri. Shemeji hakuihitaji tafsiri.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Mwambie tumetoa."

Jirani yangu aliachia kigelegele kilichofika barabarani, akavua kilemba chake akakipeperusha, na shemeji, mtu wa maswali, alilia huku akicheka akiuliza mshenga gani huyu asiye na nywele zilizosukwa. Watu walikuwa wakikumbatiana sebuleni kwangu na kule kwenye mvua. Ndiyo yangu nilikuwa nimeipata. Na mimi niliendelea kuitazama simu, pale miguuni pa yule mama mwema, zile nyasi fupi za kijani zilizolowa, upana wake na urefu wake, kipimo cha mwanangu.

Mwanangu aliniona.

"Mama," alisema, "usiangalie hapo. Angalia bahari."

Akageuza simu. Nikaangalia bahari.